Ngoro Haijengwi na Mtu Mmoja

Tabora,
11 Februari 2007

Mdogo wangu mpendwa Agripina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako niliipata ndani ya barua aliyoileta yule sista wa Litembo, nami naitikia marahaba mara mbili: moja ya barua, na moja ya mwaka mpya ambao sikukusalimu. Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha baridi ya Juni, kilikwisha, au mmezoeana na sasa mnaishi pamoja? Sisi huku hatujambo kwa kadiri yetu. Mvua zimekuja vizuri, mahindi ya watu yamenyooka, na mji umejaa panzi.

Kabla hujamwita mtu akueleze, mwandiko huu si wangu. Ni wa mwanangu Lidia. Mimi nasema, yeye anaandika. Sababu nitaifikia. Nivumilie, maana nikianza nayo hutasoma mengine.

Barua yako ilikuwa na swali moja tu, ingawa ulilificha chini kabisa, baada ya habari za kuku na za paroko mpya anayehubiri mpaka watoto wanalala. Unasema Mzee Benno wa ng'ambo ya kijito amekuja tena kuomba sehemu ya juu ya ntambo wetu, huo mlima wa ukoo, apande mikaratusi ya mbao. Unasema na Margareta wako amepanda tena kutoka Kihagara kukubembeleza ushuke ukakae naye ziwani, kwenye joto, ambako samaki wapo na mlima haupo. Wote wawili umewajibu vilevile. Sehemu ya juu ni ya kaka, na nyasi zake ni za kaka. Maneno yako nimeyasoma mpaka nimeyashika: "Nitashuka Kihagara siku kaka atakapomaliza kulaza nyasi zake." Kisha unaniuliza kama nakuja mwezi wa tatu huu, au ni ule mwingine.

Nitakujibu. Ila jibu nimelifikia kwa njia ya ajabu, na nisipokueleza njia yenyewe utadhani nimeamka asubuhi nikalitoa mfukoni.

Unajua Lidia anafundisha kompyuta chuoni hapa. Tangu Desemba, jioni, umeme ukiwepo, ananiweka mbele ya mashine yake tucheze mchezo wa kujenga dola. Usicheke. Ni kama bao, isipokuwa mashimo yake ni ramani nzima, imekatwakatwa vipande vya mraba: vya tambarare, vya vilima, vya msitu, vya maji. Unaanza na kijiji kimoja. Una vibarua wako unaowatuma, huyu alime kipande hiki, huyu achimbe mgodi pale, na kila zamu ikipita kipande kinatoa chakula au mbao au mali. Majirani nao wanajenga dola zao, wakikuona umelegea wanakuja na majeshi. Mimi niliyechora ramani za serikali miaka thelathini na zaidi, nikizunguka toka Kigoma hadi Mtwara kupima ardhi za watu wengine, nilipoiona ramani ile nilisema makosa yake ni mengi. Ruvuma hakuna. Ziwa letu wamelichora kama limao lililokauka.

Lidia akaniambia hilo ndilo wanalotaka kulirekebisha. Wako kikundi cha watu waliotawanyika, wengine Ghana, mmoja Poland, na kiongozi wao ni kijana wa Kampala anayeitwa Daniel. Hawajawahi kuonana. Wanatengeneza nyongeza ya mchezo ule, wenyewe wanaiita modi, ili dola za Afrika ziwemo, na kila jamii ipewe kitu kimoja cha ardhi ambacho wengine hawana. Wamisri wana mifereji yao. Wakonso wa Ethiopia wana matuta ya mawe. Lidia akaniuliza Wamatengo waandikiwe nini.

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema ngoro.

Basi Agripina, kwa majuma mengi nimekuwa mhandisi wa ngoro. Nilimweleza Lidia, naye akawaandikia wenzake, jinsi mlima wetu ulivyo mkali hata mbuzi anashuka kwa kujifikiria, na jinsi mashimo yale yanavyoshika mvua isiondoke na udongo. Nikaeleza nyasi zinavyofyekwa kwa nyengo, zinaachwa zinyauke siku kadhaa, kisha zinalazwa kwa mistari inayokatana, mmoja unashuka, mmoja unakingama, mpaka mlima wote unakuwa kama wavu umetandazwa. Kisha udongo unachimbwa katikati ya kila jicho la wavu na kufunika nyasi, hapo juu unapandwa maharage, na chini yake nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Walifurahi sana. Yule wa Poland aliandika kwamba ni kitu kizuri kuliko vyote walivyoletewa. Wakaanza kuniita Mzee wa Ngoro, na Lidia akawa ananiita hivyo hata mezani: Mzee wa Ngoro, ongeza mchicha.

Matata yakaanza kwenye kanuni. Kila kitu katika mchezo kinahitaji kanuni. Kinajengwa wapi? Vilimani tu, tukakubaliana. Kinatoa nini? Tukabishana, tukapatana. Picha yake ikoje? Hapo nikawaharibia siku, maana niliwaambia ngoro haikai mahali pamoja. Msimu wa kuchimba upya ukifika, palipokuwa na tuta panakuwa shimo, na palipokuwa na shimo panakuwa tuta. Daniel aliuliza kama mzee anataka mlima utembee. Lidia alicheka mpaka machozi. Mwishowe wakachora picha moja, nikaikubali.

Lakini kinajengwa na nani? Hapo hatukupatana. Mchezo una kibarua wa aina moja tu. Unamtuma, anafanya kila kitu. Nikasema ngoro haijengwi na mtu mmoja. Nyasi zinafyekwa na kulazwa na mwanamume, mashimo yanachimbwa na mwanamke, na mmoja asipofika, mwingine hana kazi ya kufanya. Kwa hiyo, nikasema, watumwe vibarua wawili, mmoja atangulie, mmoja afuate, na wa pili asiweze kuanza kama wa kwanza hajamaliza. Yule wa Ghana aliuliza kwa upole kwa nini mwanamke asifyeke mwenyewe. Nikaanza kumjibu kwamba ndivyo tulivyokuta, kisha nikakukumbuka wewe, nikamwambia Lidia afute.

Maana mwaka juzi ulifyeka mwenyewe. Hukuniandikia; aliniandikia Margareta. Kwamba Othmar, mtoto wa marehemu kaka yetu Joakim, aliyekuwa akikulazia nyasi za chini, alifuata vito Tunduru na hakurudi, na wewe ulichukua nyengo ukapanda peke yako. Kwamba majirani walisimama ng'ambo wakakutania, wakauliza bwana harusi yuko wapi, nawe ukawajibu yuko Tabora anapiga pasi suruali. Nilicheka nilipoisoma. Sikucheka kwa muda mrefu.

Nilimsimulia Lidia mambo yalivyokuwa. Zamani mlima ulikuwa na wanaume. Babu akikaa kula, wana na wajukuu wote walikula naye sahani moja, na hapohapo ikajulikana nani kesho analaza nyasi za nani. Kisha kahawa ikaja, nayo ikatusomesha, siwezi kuisema vibaya. Halafu soko likaachwa huru. Wanunuzi wenye magari wakapanda hadi Mkumbi na Litembo, kila mmoja na mizani yake, na wanaume wakahamishia nguvu zao kwenye mibuni, nyasi zikakosa mtu. Bei ilipoanguka wengine walishuka Songea, wengine wakafuata vito, wengine wakakaa vilabuni wakisubiri ipande. Wanawake wakabaki na majembe. Huwezi kuchimba ngoro pasipo nyasi, kwa hiyo wakapiga matuta ya haraka yanayoshuka na mlima, na mvua ikapata barabara. Lidia aliyaandika hayo yote kwa wenzake kama maelezo, nami nikadhani wataelewa.

Jibu la Daniel lilikuja kesho yake. Halikuwa na ubaya. Alisema wameijaribu kanuni yangu, na ngoro ya vibarua wawili inachukua zamu nyingi mno, wakati shamba la kawaida linajengwa na mmoja akaenda zake. Mchezaji ana vita, ana miji, ana haraka. Kisha akaandika sentensi ambayo Lidia alinisomea mara moja, nikamwomba asirudie: "Ni nzuri, Mzee, lakini hakuna mchezaji atakayeichagua."

Hakuwa amekosea. Alikuwa ameusoma mlima wetu toka Kampala, bila kuuona.

Nikawaomba jambo moja tu badala ya lile. Katika mchezo ule kitu kikishajengwa hakiharibiki chenyewe. Lazima adui aje akivunje. Nikasema kwa ngoro isiwe hivyo. Ikiachwa bila watu, mashimo yajae yenyewe, polepole, na mchezaji asipigiwe kengele. Lidia akasema hiyo ni kanuni ya kikatili, kwa sababu mchezaji atakuwa anaangalia upande mwingine wa ramani, atarudi akute hakuna kitu. Nikamwambia ndivyo inavyotokea. Akaiandika. Akauliza kama inaweza kurudishwa. Nikasema ndiyo, wale wawili wakija. Akaiandika na hiyo. Kisha akageuka kwenye kiti, akaniangalia.

"Baba, na kama amebaki mmoja tu?"

Aliuliza kwa ajili ya kanuni. Alikuwa ameweka vidole juu ya herufi, anasubiri jibu alipige. Hakujua kwamba barua yako ilikuwa chini ya mto wangu na nilikuwa nimeshindwa kuijibu tangu ifike. Nilimwomba azime mashine, nikasema nimechoka, na haikuwa uongo.

Sasa nifike kwenye mwandiko.

Juma la mwisho la Novemba nilikuwa nanyoa ndevu, wembe ukaniponyoka. Niliinama kuuokota, mkono ukakataa kwenda. Lidia alinikuta chini. Nilikaa hospitali mpaka karibu na Noeli, na nilipotoka, upande wangu wote wa kulia ulikuwa umebaki kama mzigo wa mtu mwingine ninaombebea. Mguu sasa unaburuzika kwa fimbo hadi mlangoni. Mkono haujafanya lolote. Unakaa mapajani ninapouweka. Ulimi nao umekuwa mzito. Lidia na watu wa nyumbani wananielewa, mgeni hanielewi. Ndiyo maana uliponipigia simu toka dukani kwa Serafina, siku ile ya Noeli na tena ile ya Epifania, nilimwomba Lidia aseme mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikusikia ukiita "kaka, kaka, unanisikia?", na kuku wa Serafina nyuma yako nikawasikia. Nilijua nikifungua mdomo utajua kila kitu papo hapo, dukani, mbele ya watu, nawe una mlima wa kupanda kurudi nyumbani.

Mchezo ule Lidia aliuleta kwa sababu hiyo. Daktari alisema nitumie akili na nitumie mkono wa kushoto. Ngoro zote nilizokusimulia nimezijenga kwa kidole kimoja cha kushoto.

Kwa hiyo, Agripina, sitakuja mwezi wa tatu huu, wala ule mwingine. Daktari hakusema hivyo. Yeye ni mtu mwema, anasema tutaona. Mimi ndiye ninayesema. Nilipostaafu nilikuahidi nitarudi nilaze nyasi za sehemu ya juu kwa mkono wangu, nilikuwa nakusudia kweli, na hata Oktoba iliyopita nilikuwa nakusudia. Wewe ukaziacha zikue ziwe nyingi, upate nyasi nzuri za kuanzia. Najua zimeshaota vichaka ndani yake. Najua watu wanapaita shamba la mzimu, Margareta aliniambia, na kwamba ukisikia unajibu mzimu huyo ana pensheni. Hakuna mtu duniani aliyenitunzia kitu kwa muda mrefu hivyo. Nami sina cha kukurudishia.

Usikae tena kunisubiri. Hilo ndilo jibu.

Sehemu ya juu mpe Benno apande miti yake. Siipendi mikaratusi, inakunywa maji, na kijito chetu hakikuwa kikubwa hata tulipokuwa wadogo. Nimetafuta njia nyingine kila usiku. Nimefikiri nani katika ukoo bado ana mgongo na nyengo, na kila jina ninalolitaja liko Songea, au Tunduru, au makaburini. Lakini angalau mizizi itashika udongo, na Benno ni mtu utakayemwona kanisani, hawezi kukudhulumu waziwazi. Mwambie asipande karibu na chemchemi. Kama hatasikia, basi hatasikia. Mimi na wewe hatuna la kumfanya.

Sehemu ya chini, ile ngoro yako ya maharage, chimba msimu huu ukitaka, kama kuna mtu wa kukulazia nyasi. Usifyeke tena mwenyewe. Kisha ushuke Kihagara kwa mwanao. Utalalamika joto na mbu, utasema ugali wa muhogo unakukaba, nami nitapata barua ndefu ya malalamiko na nitafurahi. Ukiwa ufukweni jioni geuka uangalie nyuma, milima yetu inaonekana toka kule. Mimi huku hata nigeuke wapi ni tambarare.

Asubuhi ya leo, kabla hatujaanza barua hii, nilimwita Lidia nikampa jibu la kanuni yake. Akibaki mmoja tu, nilisema, ngoro irudi kuwa msitu, na yule aliyebaki awe huru kuondoka. Mchezo haukuwa na nafasi ya hilo neno la mwisho. Kibarua huwa huru kila wakati, unamtuma unapotaka. Lidia hata hivyo aliliandika kwenye maelezo, mahali ambapo wachezaji, anasema, hawasomi. Daniel amekubali. Amesema msitu una faida, unatoa mbao.

Ipo na picha. Ni ndogo kama ukucha, na mchoraji alisema anaweza kuweka mtu mmoja tu ndani yake, wawili wanakuwa doa. Akaniuliza abaki nani, anayelaza nyasi au anayechimba. Nikasema abaki anayechimba. Ukiikaribia sana utaona ameinama, ana jembe, na nyasi mbele yake zimeshalazwa, ila aliyezilaza haonekani. Lidia ameahidi kuichapa akutumie. Usimwonyeshe Serafina wa dukani, atasema umenenepa.

Nisalimie Margareta na mumewe na watoto wao wote. Nisalimie Mzee Benno, umwambie nimemsamehe kuhusu yule jogoo wa mwaka wa uhuru. Wasalimie wenye kuniulizia. Wasioniulizia ni wengi zaidi, wasalimie pia. Ukipita makaburini niombee kwa baba na mama, uwaambie ntambo uliulinda wewe. Lidia anakuamkia, shikamoo shangazi, na anasema barua ijayo ataiandika yeye kwa kichwa chake, maana mimi nasema polepole na chai imepoa mara mbili.

Mungu akutangulie njiani, kushuka ni kugumu kuliko kupanda kwa goti lako. Shuka taratibu.

Jina hili la chini nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Imechukua muda. Lisomeke lisisomeke, ni

kaka yako,
Wendelin